Aliyepuliza ni Nakhumicha

Nitasema mapema ili usihangaike. Aliyekuwa akipuliza tarumbeta katika bendi ya Kitale Kumi Jazz si mimi. Ni mke wangu, Nakhumicha. Mimi nilibeba sanduku.

Nimeanza na hilo kwa sababu nilinyamaza mara mbili.

Mara ya kwanza ni siku tuliyomzika, Februari mwaka jana, hapa Kabuchai. Mwanangu Wangila alichapisha karatasi ya maisha ya mama yake. Ilisema alizaliwa Misikhu, akaolewa, akazaa watoto watano, akawa mama wa kanisa, akapenda kuimba na kupanda mboga. Ilisomwa kwa kipaza sauti mpaka ng'ambo ya mto wakasikia. Nilingoja tarumbeta itajwe. Haikutajwa. Nikabaki nimekaa.

Mara ya pili ni siku ya kunyoa. Kwetu Wabukusu, siku ya tatu baada ya kuzika wafiwa hunyolewa nywele, na mzee wa ukoo huuliza kama kuna neno la marehemu lililobaki. Huuliza mara tatu. Mwenye neno hulisema hapo hapo, mbele ya watu. Jirani mmoja alisema juu ya mpaka wa shamba. Dada yake alisema juu ya ndama. Mzee akauliza mara ya tatu, akaniangalia mimi. Mimi niliangalia wembe.

Nilienda nyumbani kichwa kitupu na neno tumboni. Neno haliozi tumboni. Linakua.

Nakhumicha alizaliwa wakati wa kupanda, ndiyo maana ya jina lake. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa lenye bendi ya vyombo vya shaba. Wanaume walipuliza, wasichana walitikisa matari. Ndugu mdogo wa baba yake ndiye alikuwa na tarumbeta, na alikuwa mvivu wa kuisafisha. Kila Jumamosi alimpa Nakhumicha aioshe kwa maji na majivu. Huwezi kuosha tarumbeta bila kuipuliza utoe maji. Basi alipuliza. Kwanza maji yalitoka, halafu sauti ikatoka. Alikuwa na miaka kumi. Huyo baba mdogo hakumpiga. Alimwonyesha vidole vinakaa wapi, nyuma ya ghala ya mahindi, baba mtu akiwa shambani. Miaka sita walifanya hivyo, na baba hakujua mpaka akafa.

Mimi nilimwoa akiwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nabeba magunia katika stoo moja ya mahindi Kitale. Tulikaa chumba kimoja, kitanda na jiko.

Muturi ndiye alianzisha bendi. Wazazi wake walitoka upande wa Mlima Kenya wakapata kazi katika shamba la mzungu karibu na mji. Muturi alipika na kufua katika nyumba hiyo, na mzungu alikuwa na santuri za bendi kubwa za Amerika, bendi zenye vyombo vya kupuliza safu mbili tatu. Muturi alikuwa anapiga pasi huku anasikiliza. Wazungu walipouza mashamba, vyombo vyao vya dansi viliuzwa mnadani pamoja na plau na matrekta. Watu waliinua mkono kwa plau. Muturi aliinua mkono kwa saksafoni tatu, tarumbeta mbili na ngoma. Walimcheka mwaka mzima.

Alifanyia mazoezi ndani ya stoo yetu, Jumapili, katikati ya magunia. Magunia yanameza sauti. Tajiri hakusikia. Mimi nilikuwa na ufunguo.

Jumapili moja mpuliza tarumbeta wa Muturi hakuja, na hakurudi tena. Nakhumicha aliniletea chakula. Aliweka sufuria chini, akaona tarumbeta juu ya gunia. Akaiokota, akaigeuza.

"Hii imebonyea hapa," akasema. Kisha akapuliza.

Sitajua kueleza. Nilikuwa nimelala na huyu mwanamke mwaka mzima na sikujua. Muturi alikaa juu ya gunia kama mtu aliyepigwa miguu. Alimaliza kusikiliza, akafikiri, akasema kuna shida mbili. Ya kwanza, wenye kumbi hawatakubali. Wakati huo mwanamke wa bendi aliitwa majina. Ya pili, baba yake Nakhumicha kule Misikhu akisikia atakuja na fimbo na wazee wa kanisa.

Koti langu la harusi lilikuwa jeusi, kubwa, la kumpa mtu mabega asiyo nayo. Nilimpa. Kofia Muturi akatoa. Ikabaki jina, kwa sababu tangazo la ukutani linataka jina.

"Chukua langu," nikamwambia. "Mimi silitumii."

Hivyo ndivyo ikaandikwa kila mahali: Wakhungu, tarumbeta. Hivyo ndivyo kosa lilianza. Mimi ndiye niliyelianzisha, na nililianzisha kwa kucheka.

Walipiga Jumapili mchana, saa nane mpaka jua kuzama, Kitale wiki moja, Bungoma wiki nyingine. Madirisha yalizibwa kwa magunia ili watoto wasichungulie bure. Ndani kulikuwa na giza la jikoni. Yeye alikaa safu ya nyuma, kofia mpaka nyusi, na tarumbeta yenyewe inafunika uso. Asubuhi alikuwa kanisani anatikisa tari. Mchana alikuwa Wakhungu.

Bendi nzima ilijua na haikusema. Muturi aliwaapisha.

Mimi nilikaa mlangoni na sanduku. Bendi ikimaliza, yeye alivua koti nyuma ya jukwaa, akajifunga leso, akatoka kwa mlango wa nyuma kama mwanamke wa kuosha vikombe. Mimi nilitoka kwa mlango wa mbele na sanduku la tarumbeta. Watu wakaona sanduku, wakaona mwanamume, wakajumlisha.

"Wakhungu, leo umetuua," walisema. Walinishika mkono. Walininunulia soda, wengine pombe. Mwanzoni nilikataa. Nakhumicha akasema niitikie tu, nisiharibu. Nikaitikia. Baada ya mwaka nilikuwa naitikia kabla hawajaniita.

Nimeandika hiyo pia. Sitaki useme nimeficha.

Mwaka wa nne alipata mimba ya Wangila. Koti lilikuwa kubwa, likamficha mpaka mwezi wa nane. Alipojifungua Muturi aliwaambia watu Wakhungu ameenda Kongo kusomea muziki. Miezi mitatu nilikuwa Kongo. Na wakati huo nilikuwa nabeba magunia pale pale mjini, barabarani, mchana. Lakini mtu mwenye vumbi la mahindi usoni hakuna anayemwangalia. Walinipita wakiongea habari za safari yangu.

Aliporudi kupuliza, mtoto alikuwa nyumbani na jirani, na maziwa yalikuwa yanakuja bila kuitwa. Yalilowesha koti mbele. Kwa hiyo alianza kugeuka, akawapa watu mgongo, akapuliza akitazama ukuta. Watu walipenda sana. Walisema Wakhungu ametoka na kitu Kongo.

Mwaka wa tisa bendi ikaisha. Wenye kumbi walinunua mashine za santuri, mashine hailipwi na hailewi. Tukarudi Kabuchai tukapanda miwa. Nakhumicha alienda kwa kanisa la hapa, akaona wana tarumbeta mbili zimetundikwa na mtu mmoja tu wa kupuliza. Akaomba. Wakamwambia wamama wanaimba. Akaimba miaka arobaini na saba.

Tarumbeta yake Muturi alimwachia. Ilikaa chini ya kitanda katika sanduku, pamoja na kitambaa cha kupangusia, cheupe, kimeshonwa maua mekundu kwenye kona. Miwa ikifika juu ya kichwa aliingia nayo ndani ya shamba. Miwa inameza sauti kama magunia. Mimi nilikaa ukingoni na panga, mtu akipita nilikuwa napalilia.

Miaka sita iliyopita tulikuwa tunachambua maharagwe na redio ilikuwa imefunguliwa. Mtangazaji akapiga wimbo wa zamani wa Kitale Kumi, ule ambao watu waliucheza wakipunga mkono. Akasema, sikilizeni huyo Wakhungu, hajatokea mwingine kama yeye. Nakhumicha alicheka. Halafu akaacha kucheka. Alichambua maharagwe mpaka sinia ikaisha ndipo akasema.

"Pumzi ni yangu, jina ni lako."

Mwaka jana pumzi yenyewe ilikwisha, kifuani, kidogo kidogo, wiki tatu. Daktari alisema mapafu. Alikuwa akiinua vidole vitatu vya mkono wa kulia juu ya blanketi, akivibonyeza. Wangila alifikiri anaomba. Mimi nilijua ni wimbo gani.

Mwezi wa sita gari likaingia hapa nyumbani. Lilikuwa na watu watatu. Wa kwanza Wahome, mwalimu mstaafu wa Kitale, shati limenyooka. Wa pili Kemboi, aliyekuwa dereva wa lori za mahindi, mkubwa, sauti ya lori. Wa tatu Gladwell, mama mzee aliyeuza nguo sokoni, mdogo wa mwili, mwenye fimbo.

Wahome alisimama uani akaniangalia kama mtu anayeangalia kanisa.

"Wakhungu wa tarumbeta," akasema. "Tulifikiri ulikufa."

Walieleza. Wamefanya chama cha watu waliopenda bendi. Kila mwaka wanakutana ukumbini Kitale, wanakumbuka. Mwaka huu wametengeneza ubao wa mninga wenye majina kumi ya bendi, utafunguliwa Novemba. Tisa wamekufa, na Muturi ni mmoja wao. Aliyebaki ni mimi. Walitaka nije nifungue ubao, wanivalishe shuka ya heshima, na watu wanione.

Wangila alileta viti na chai. Watatu hao wakaanza kukumbuka na hawakunipa nafasi. Kemboi alisema mimi ndiye nilimfanya alie mara moja tu katika maisha yake, Bungoma, mwaka wa mvua nyingi. Alilia akiwa ameshika kichupa na hakujua kwa nini. Wahome alisema kabla ya Kongo nilinenepa sana, watu wakasema ni pombe, lakini pumzi ilikuwa ndefu kuliko wakati wowote. Kisha wakabishana kwa nini nilirudi Kongo nikianza kupuliza nimewapa watu mgongo. Wahome alisema ni staili ya huko. Kemboi alisema ni dawa.

"Si ulikuwa unaficha vidole, bana?" akaniuliza. "Wasikuibie."

Nilifungua mdomo. Wangila akasema, "Baba, chai inapoa."

Gladwell alikuwa anaangalia picha ya Nakhumicha ukutani, ile ya kitambulisho tuliyokuza ya mazishi. Aliangalia muda mrefu. Akauliza alikuwa nani.

"Mama Wangila," nikasema. "Tumemzika mwezi wa pili."

"Pole," akasema. Akaangalia tena.

Walipoondoka mimi na mwanangu tulibishana. Wangila ni mtu mzuri. Ni mzee wa kanisa kama babu yake wa Misikhu. Anajua habari ya tarumbeta, alimsikia mama yake kwa miwa akiwa mdogo. Alinipangia maneno kama matofali. Alisema wamama wa kanisa walimzika mama na sare yao, sasa wakisikia alikuwa anavaa koti la mwanamume na kupigia walevi muziki, watasema nini. Alisema mama mwenyewe hakuwahi kudai. Alisema heshima imekuja nyumbani kwa miguu yake, niipokee.

"Si wewe na mama ni kitu kimoja?" akaniuliza.

"Kama ni kitu kimoja," nikamwambia, "mbona jina ni langu kila mara?"

Akasema nitamwaibisha akiwa kaburini. Nikamwambia aliye kaburini haoni aibu, anayeona aibu ni mimi. Tukakaa siku nne bila kuongea. Lakini Novemba ilipofika alinipeleka kwa gari lake, kwa sababu hangeweza kuniacha nipande matatu peke yangu. Njiani alisema jambo moja tu. Alisema nifungue ubao, niseme asante, tukae.

Nilikuwa nimeshika sanduku kwenye magoti. Nilibeba sanduku, kama zamani.

Kitale mahindi yalikuwa yameanikwa kwenye turubai mpaka kando ya lami. Ukumbi ni ule ule, umepakwa rangi ya bluu. Watu walikuwa kama mia, wazee wenzangu wengi na fimbo zao, na wajukuu wa kuwashika. Nilipoingia na sanduku walisimama wote. Mzee mmoja alilia kwa kuona sanduku tu.

Ubao ulikuwa umefunikwa kwa pazia. Wahome alinipa kamba nikavuta. Majina kumi, yamechongwa na kutiwa rangi ya dhahabu. La sita lilikuwa langu. Wakhungu, Tarumbeta. Walinivalisha shuka. Walipiga makofi mpaka nikachoka kusimama.

Kisha watu wakaanza kuita nipige, hata sauti moja.

Nilifungua sanduku nikaitoa. Nikapuliza. Ilitoka sauti ya ndama aliyekwama matopeni. Nilipuliza tena. Ndama akafa.

Nilifikiri hapo wataelewa. Hawakuelewa. Walipiga makofi zaidi. Mtu akasema ni uzee. Mwingine akasema meno, bila meno ya mbele hakuna tarumbeta. Kemboi akasimama akaeleza ukumbi mzima kwamba simba hata akizeeka ni simba. Walinihurumia, walinipenda, na kila kofi lilikuwa linamzika mke wangu mara ya tatu.

Hapo nilikasirika. Nashukuru Mungu nilikasirika, kwa sababu mimi si mtu wa maneno.

Nilichukua kipaza sauti. Nikasema kwetu mzee huuliza kama kuna neno la marehemu lililobaki, na mimi sikujibu. Neno lilikuwa limebaki. Ni hili: sikuwahi kupuliza hii kitu hata siku moja. Aliyepuliza ni mke wangu, Nakhumicha, binti wa Misikhu, mama Wangila. Koti langu, jina langu, pumzi yake.

Wangila alikuwa ameweka mikono usoni.

Kemboi ndiye alianza. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananibembeleza, kama mtu anabembeleza mgonjwa.

"Mzee, umefiwa, tunajua. Lakini si nilikunywa na wewe? Hapo nyuma ya stendi? Si ulinishika huu mkono?"

"Ulininunulia chupa mbili," nikasema. "Ya pili niliimwaga. Ulikunywa na mbeba sanduku."

Watu wengine wakacheka. Kemboi hakucheka.

"Ati nililia kwa sababu ya mama wa mtu?"

"Ndiyo. Na si wewe peke yako."

Nikawaambia moja moja. Mliona Wakhungu amenenepa: ilikuwa mimba ya miezi minane, na aliyekuwa ndani ni yule amekaa pale anaficha uso. Mlisema Wakhungu ameenda Kongo: alikuwa kitandani ananyonyesha, mtaa wa pili kutoka hapa. Mlisema ameficha vidole, ni dawa, ni staili: yalikuwa maziwa. Mlikuwa mnapigiwa makofi na maziwa ya mtoto wangu. Sikumaanisha hivyo, nilikosea maneno, lakini nikaacha yakae.

Wahome aliinuka akasema kwa heshima kwamba ni hadithi nzuri, na mzee anampenda marehemu wake, na sote tumesikia. Lakini ubao ni historia. Historia inataka ushahidi. Hakuna aliyebaki kwenye bendi wa kusema ndiyo au hapana. Je, mimi ninao?

Sikuwa nao. Nilikuwa na sanduku.

Basi nikasikia fimbo. Gladwell alikuwa anakuja mbele, polepole, watu wakampisha. Hakuomba kipaza sauti. Aliinama juu ya sanduku, akatoa kile kitambaa, akakikunjua. Maua mekundu kwenye kona. Alikipitisha kidole.

"Hii nilishona mimi," akasema.

Akageuka kwa watu, na kwa sababu sauti yake ni ndogo, walinyamaza kumsikia. Alisema kuna Jumapili alienda choo cha wanawake nyuma ya ukumbi huu katikati ya dansi. Alimkuta Wakhungu ndani, kofia kichwani, koti limefunguliwa, anakamua maziwa chini. Waliangaliana. Gladwell mwenyewe alikuwa na mtoto wa miezi minne nyumbani.

"Mimi nilijua hiyo uchungu," akasema. "Hakuniambia ninyamaze. Aliniomba kitambaa tu. Nikampa. Nikamshikia koti. Kisha akarudi kupiga, na mimi nikarudi kucheza."

Wahome akamwuliza mbona hakusema miaka yote hiyo.

"Nani aliniuliza?" Gladwell akasema. "Kila mwaka mnakuja hapa, mnabishana juu ya dawa. Hamkuuliza mwanamke hata mmoja. Niliona picha yake Kabuchai nikajua ni yeye, nikasema ngoja nione kama bwana wake ataiba. Hakuiba."

Aliketi palepale, kwenye ukingo wa jukwaa, kitambaa mkononi.

Kemboi alikuwa bado amesimama. Aliangalia mkono wake wa kulia, ule niliomshika. Halafu akaangalia ubao. "Basi alinifanya nilie," akasema, si kwa mtu. Akavua kofia.

Wahome ni mtu wa haki, sitamsema vibaya. Alisema kamati itakaa, fundi ataitwa, jina litarekebishwa. Akasema mwaka ujao nikija nitalikuta.

Nikamwambia nina miaka sabini na tisa. Mwaka ujao si wangu. Mke wangu alingoja na amechoka kungoja. Nikaomba msumari.

Akasema ubao ni wa mninga, utaharibika. Nikamwambia umeharibika tayari, mstari wa sita. Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha mwingine, na mama mmoja akasema mpeni mzee msumari. Kemboi alienda nje kwa gari lake, akarudi na msumari wa inchi sita na jiwe la kupigia. Akashika ubao usitikisike.

Mimi sikusoma shule. Nilienda ngumbaru nikiwa na watoto watano, jioni, na nyumbani Nakhumicha alinishika mkono kama alivyoshikwa yeye nyuma ya ghala. Herufi alizonifundisha kwanza zilikuwa za jina langu. Nilimwambia nataka za jina lake. Akasema langu litanisaidia benki. Nikasema benki ingoje.

Nilikwaruza jina langu mpaka dhahabu ikatoka, nikachonga lake. Mninga ni mgumu. Nilichukua karibu nusu saa, na hakuna aliyetoka ukumbini. Nilipofika kwa herufi ya mwisho nafasi ilikwisha, nikaiweka chini ya nyingine.

Nilivua shuka nikawarudishia. Nilimwachia Gladwell kitambaa, ni chake. Sanduku nikalibeba.

Tukirudi, tulifika Kamukuywa kabla Wangila hajasema neno. Nilikuwa tayari kwa vita. Nilikuwa nimepanga la kumjibu, na la kuwajibu wamama wa kanisa, na mchungaji akija.

"Alikuwa anapiga hata nikiwa tumboni?" akauliza.

"Wewe ndiye uliyemnenepesha."

Alipunguza mwendo. Aliendesha hivyo mpaka nyumbani, polepole, kama amebeba mayai.

Mchungaji alikuja Jumanne. Alikuwa amesikia. Alisema kwa upole kwamba mambo mengine ya ujana huachwa na Mungu. Nikamwambia mimi sikumwuliza Mungu ruhusa nilipompa koti, na sitamwuliza mtu nikilichukua tena jina langu. Wangila alikuwa amekaa na sisi. Hakusema chai inapoa.

Ubao uko Kitale, ukumbi wa bluu, ukutani kushoto ukiingia. Mstari wa sita umepinda na A moja imeanguka chini. Kama mwandiko wangu haukupendezi, nenda na msumari wako.